Nyika Kwanza, Pwani Baadaye: Likizo ya Safari na Ufukwe Inavyoundwa

Likizo ya safari na ufukwe ni bidhaa moja yenye nusu mbili. Nusu ya kwanza ni siku nne hadi saba za kutazama wanyama bara. Ya pili ni siku tatu hadi saba za kujinyoosha baharini. Kwa Tanzania, njia iliyozoeleka huanzia Arusha, hupita Tarangire au Manyara, hushuka kreta ya Ngorongoro, huzunguka Serengeti na kumalizikia Unguja. Kenya ina yake: Maasai Mara au Amboseli, kisha Diani, Watamu au Malindi. Mgeni huuziwa vyote kwa bei moja, mara nyingi akiwa bado kwao Ulaya au Marekani, na akishuka uwanja wa ndege hukuta jina lake limeandikwa kwenye karatasi aliyoishika dereva.

Neno safari lenyewe, lililotoka Kiarabu, halina mnyama ndani yake. Mtu anayekwenda Tanga kuzika yuko safarini, na mwanafunzi anayepanda basi kurudi shule naye yuko safarini. Simba aliingia kwenye neno hili kupitia lugha za Wazungu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita kati ya Bagamoyo na maziwa makuu, na wapelelezi kama Burton na Stanley walikodi wapagazi na kununua ushanga, nguo na nyaya za shaba Unguja kabla ya kuvuka kwenda bara. Kiingereza kikalichukua neno pamoja na msafara wenyewe. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu urais wa Marekani, alishuka Mombasa, akapanda treni ya reli ya Uganda na kuanza uwindaji ambamo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa zaidi ya 500. Magazeti ya dunia yalimfuata. Kamusi za Kizungu zililipokea neno safari likiwa tayari limebeba bunduki. Kamera ilikuja kuchukua nafasi yake baadaye.

Kitu kimoja kimegeuka tangu enzi hizo, nacho ni mwelekeo. Msafara wa zamani ulianzia pwani na kuishia bara. Wa mtalii huanzia bara na kuishia pwani, na wauzaji karibu wote huupanga hivyo. Sababu za kwanza ni za mwili. Siku za hifadhini huanza saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu paka wakubwa huwinda kukiwa na ubaridi na kulala jua likipanda. Barabara ya kutoka geti la Lodoare la Ngorongoro hadi lile la Naabi la Serengeti ina mikunjokunjo kama bati, na vumbi lake huingia hadi kwenye mkate wa lanchi boksi. Baada ya siku tano za namna hiyo, kitanda kinachotazama bahari hakihitaji kutangazwa. Sababu nyingine ni za fedha. Kila usiku ndani ya hifadhi hubeba kiingilio cha mgeni, tozo ya kulala, gari na dereva wake, kwa hiyo siku za nyika huhesabiwa moja moja. Siku za pwani hazina mzigo huo, zinaweza kurefushwa. Tena pwani ni akiba: ndege ndogo ikichelewa kwa mvua, au mgeni akiugua tumbo njiani, ni siku ya ufukweni inayokatwa, si ya Serengeti.

Nusu hizi mbili hazikuunganishwa na jiografia peke yake. Hadi katikati ya miaka ya 1970 Afrika Mashariki ilikuwa na mzunguko mmoja. Mgeni alishuka Nairobi, akachukuliwa na basi dogo kupitia Amboseli, Ngorongoro, Serengeti na Mara, kisha akapelekwa Mombasa kuogelea. Tanzania ilinung'unika kwamba wanyama ni wake lakini hoteli, magari na fedha ni vya Nairobi, na ilikuwa na haki ya kunung'unika. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro uliofunguliwa mwaka 1971 ulijengwa ili wageni wateremke upande huu wa mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Kenya ilibaki na Mara, pwani yenye hoteli na ndege za kukodi kutoka Ulaya. Tanzania ilibaki na Serengeti isiyo na wateja, na pwani ambayo mgeni alikuwa na mahali pachache pa kulala.

Nusu ya pwani ya Tanzania iliundwa Unguja, tena kwa dhiki. Visiwa vya Zanzibar viliishi kwa karafuu, na bei ya karafuu duniani ilipoanguka katika miaka ya 1980 Serikali ya Mapinduzi ilitafuta mlango mwingine. Sheria ya uwekezaji ya mwaka 1986 iliufungua, na katika miaka ya 1990 hoteli zilianza kuchipuka mashariki na kaskazini mwa kisiwa, nyingi zikiwa za Waitalia katika eneo la Kiwengwa. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mwaka 2024 Tanzania nzima ilipokea wageni wa nje zaidi ya milioni 2.1, na Zanzibar peke yake ilihesabu zaidi ya 730,000.

Ndiyo maana hadi leo kuna mitindo miwili iliyo tofauti kuliko inavyoonekana kwenye vipeperushi. Mtindo wa pwani ya Kenya ni likizo ya ufukweni iliyochomekwa safari: mtu ana wiki mbili Diani au Malindi, na katikati anachukuliwa usiku mmoja au mbili kwenda Tsavo Mashariki, iliyo karibu na Mombasa, kuwaona tembo wekundu kwa udongo wa huko. Mtindo wa Arusha ni safari iliyofungiwa mkia wa bahari. Wa kwanza huuza jua kwa wingi na bei nafuu. Wa pili huuza wanyama kwa bei ya juu na bahari kama pumziko. Siku hizi umezaliwa wa tatu: mgeni aliyeko Unguja anarushwa asubuhi hadi Mikumi au Hifadhi ya Nyerere, anamwona twiga na kiboko, na jioni anakula pweza Nungwi. Ni safari kwa jina. Wenye kazi yao huiita ya kupiga picha na kurudi, na hawakosei sana.

Ushahidi kwamba bidhaa hii haitokani na ramani upo Saadani. Hii ndiyo hifadhi ya taifa ya Tanzania inayoshikana na Bahari ya Hindi: tembo na nyani hufika ufukweni, mto Wami una viboko na mamba, na mtu anaweza kuona nyika na pwani bila kupanda ndege hata moja. Hata hivyo wageni wake ni wachache mno wakilinganishwa na wa Serengeti. Wami humwaga tope baharini, maji hayana ile rangi ya kwenye kadi za posta, na wanyama wametawanyika vichakani. Mnunuzi hakutafuta mahali ambapo nyika na pwani hukutana. Alitafuta nyika iliyo bora kabisa na pwani iliyo bora kabisa, na yuko tayari kurushwa mamia ya kilomita kati ya moja na nyingine.

Kinachoziunganisha nusu hizo ni ndege ndogo na kalenda. Ndege ni ya injini moja, ya abiria kumi na wachache, inayotua kwenye viwanja vya udongo na changarawe kama Seronera baada ya rubani kuhakikisha hakuna swala njiani. Kwa kawaida mizigo haizidi kilo 15 kwa mtu, ndani ya begi laini, kwa kuwa sanduku gumu haliingii kwenye tumbo la ndege hiyo. Mgeni anayeondoka Serengeti asubuhi, baada ya kutua mara moja au mbili njiani, hufika Unguja mchana akiwa bado na vumbi kwenye viatu.

Kalenda ni ngumu zaidi, kwa sababu nyika na pwani hazina msimu mmoja. Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, bara ni kavu, nyasi ni fupi na wanyama hukusanyika kwenye maji. Hali ya hewa ni nzuri pande zote mbili, ingawa upepo huchafua bahari ya mashariki ya Unguja na kuwafurahisha wanaoteleza kwa tiara pale Paje. Desemba hadi Februari ni kaskazi: joto pwani, bahari tulivu, na nyumbu wako kusini mwa Serengeti. Vuli ya Oktoba hadi Desemba husumbua lakini haiharibu. Masika ndiyo hufunga mlango. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei barabara za udongo mweusi hunasa magari, hoteli kadhaa za ufukweni hufungwa, na wafanyakazi wa mkataba hurudi makwao bila mshahara. Kwa mgeni ni msimu wa chini. Kwa mhudumu wa chumba ni miezi miwili ya kukopa dukani.

Upande wa nyika, kivutio kikuu ni nyumbu. Zaidi ya milioni moja huzunguka kati ya Serengeti na Mara kwa mwaka, wakifuata mvua na nyasi changa. Huzaa Februari kwenye tambarare za Ndutu, hupanda kupitia Grumeti, huvuka mto Mara kati ya Julai na Oktoba, kisha hurudi kusini. Ni rahisi kuamini kwamba hali imekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu hao walikadiriwa kuwa kama robo milioni. Sotoka, iliyoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa ikiua ndama wao mwaka hadi mwaka. Ng'ombe wa wafugaji wa jirani walipochanjwa, ugonjwa ukakosa pa kujificha, na ndani ya miaka 15 nyumbu wakazidi milioni. Tamasha ambalo mgeni hulipia kama maajabu ya pori lisiloguswa limetokana kwa sehemu kubwa na sindano ya daktari wa mifugo. Ni jambo ambalo vipeperushi vya utalii havilisemi.

Hilo si dogo, kwa sababu wazo la pori tupu limewagharimu watu ardhi. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 eneo la Ngorongoro, kilomita za mraba 8,292, lilitengwa nayo, na Wamasai waliotolewa Serengeti wakaahidiwa kuendelea kuishi huko pamoja na mifugo na wanyamapori. Idadi ya watu na ya mifugo ikakua, na idadi ya loji vilevile. Tangu 2022 serikali imekuwa ikihamisha kaya kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, ikisema wanaondoka kwa hiari. Wapinzani wa mpango huo wanasema huduma za jamii zilipunguzwa ili watu wachoke. Mwaka huohuo kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, inayopakana na Serengeti, ziliwekewa mipaka kuwa pori tengefu, hatua iliyoleta makabiliano ya umwagaji damu. Upande wa Kenya njia imekuwa nyingine. Kuzunguka Mara, wenye ardhi wameungana na kukodisha mashamba yao kwa kambi za kitalii, wakilipwa kodi ya kila mwezi au msimu na kukubali kutochunga ovyo. Mpango huo una kasoro, mojawapo ikiwa ni kwamba hulipwa mwenye hati huku mkewe na kijana asiye na hati wakiambulia kidogo. Lakini angalau mwenye ng'ombe anajua ng'ombe wake ameondoka malishoni kwa bei gani.

Viingilio vimepanda. Mgeni asiye mkazi anayeingia hifadhi ya Maasai Mara, inayosimamiwa na kaunti ya Narok, hulipa tangu 2024 dola 100 kwa siku Januari hadi Juni na dola 200 Julai hadi Desemba. Hoja ni kupunguza msongamano, na msongamano upo kweli. Nyumbu wakikusanyika ukingoni mwa mto, simu za upepo huita na magari hujaa hadi kuziba njia ya kushukia majini. Madereva huzungumza kwa Kiswahili redioni ili abiria wasielewe. Na kwa kuwa tangu katuni ya 1994 yenye shujaa aitwaye Simba kila mtoto wa Ulaya anajua neno simba, simba hupewa jina la fumbo. Dereva akisikia fumbo hilo hugeuza gari taratibu kana kwamba anachagua njia tu, mgeni asije akaahidiwa kitu ambacho kitakuwa kimeingia majanini. Ustadi wake huo, pamoja na wa kubadili springi iliyokatika katikati ya tambarare, haumo kwenye mkataba. Hulipwa kwa bahasha ya bakshishi ya siku ya mwisho, na bahasha hiyo inaweza kuupita mshahara wa wiki.

Upande wa pwani mambo hutawaliwa na maji. Mgeni wa Jambiani au Bwejuu, mashariki mwa Unguja, hufika maji yamejaa, hupiga picha, hulala. Asubuhi huamka akakuta bahari imeondoka. Katika bamvua maji hukupwa hadi kwenye mwamba, kilomita moja au zaidi kutoka ufukweni, na kuacha mchanga, majani na madimbwi. Kwa aliyelipia bahari ni hasara. Malalamiko ya namna hiyo mapokezi huyasikia kila wiki. Kwa kijiji ndiyo saa ya kazi. Wanawake hutoka na vijiti vyao kuchokoa pweza miambani, wengine huinama kwenye kamba za mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki mwaka 1989 na kuwapa wanawake wengi fedha ya kwanza waliyoishika wenyewe. Ufukwe mmoja una wenyewe wawili kwa zamu, na mara nyingi zamu hizo hugongana: vijiti vya mwani huchoma miguu ya waogeleaji, boti za wageni hukata kamba, na njia ya kupitia hotelini kwenda majini hufungwa na mlinzi. Nungwi na Kendwa, ambako maji hayaendi mbali, ndiko hoteli zilikobanana zaidi.

Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mwekezaji hupangishwa. Desturi ya zamani ilitambua mwenye minazi kuliko mwenye mchanga, hivyo hoteli za mwanzo zilipofika fidia ilihesabiwa kwa mti. Waliopokea fidia ya minazi kumi waliona baadaye thamani ya mchanga uliokuwa chini yake. Maji ya kunywa nayo ni hesabu nyingine: ardhi ya mawe ya matumbawe haishiki maji, visima vya pwani huwa na chumvi, na hoteli yenye bwawa la kuogelea na bustani hutumia kwa mgeni mmoja kiasi ambacho nyumba nzima ya kijijini haikifikii.

Ufukweni pia huonekana watu waliofuata njia ileile ya mgeni. Kijana wa Kimasai, shuka jekundu begani na shanga mkononi, hutembea mchanga wa Paje kutoka hoteli hadi hoteli; usiku huwa mlinzi kwenye geti la mojawapo. Nyika ilimpa sura ambayo pwani hulipia. Papasi wa Mji Mkongwe, kiongozi wa wageni asiye rasmi, humwonea wivu, kwa sababu mgeni humkimbia papasi lakini humpiga picha Mmasai.

Swali la nani anafaidika hujibiwa zaidi na mahali pa malipo kuliko na kiasi kinacholipwa. Kifurushi cha kila kitu kikinunuliwa Ulaya, tiketi ya ndege na kamisheni ya wakala hubaki huko, na hoteli ya kigeni inaweza kuagiza hata jibini na mvinyo wake. Kinachofika nchini kwa hakika ni viingilio, kodi, mishahara, samaki na mboga zilizonunuliwa jirani, na bahasha. Zanzibar iliongeza Oktoba 2024 bima ya lazima ya dola 44 kwa kila mgeni wa nje, inayolipwa kwa shirika la bima la Zanzibar lenyewe. Ni njia mojawapo ya kuhakikisha angalau sehemu fulani ya kifurushi haikwepi kisiwa. Safari ya bara huacha fedha nyingi zaidi kwa siku, hasa kwa serikali kupitia viingilio. Likizo ya ufukweni huajiri watu wengi zaidi kwa kitanda. Kwa mtazamo huo kuunganisha nusu hizo ni busara: kila moja hufidia upungufu wa nyingine. Tatizo ni kwamba mjasiriamali wa Karatu huko bara au wa Makunduchi huko Unguja huipata sehemu ya mwisho kabisa ya mnyororo, baada ya kila mwingine kuchukua chake.

Mwananchi ambaye angependa kuiona nchi yake kwa namna hiyo hakwamishwi na kiingilio. Raia hulipa kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya bei ya mgeni. Kinachomshinda ni gari: kukodi Landkruza pamoja na dereva na mafuta ni ghali hata kwa Mtanzania, na gharama hiyo haigawanyiki kama hakuna wenzake wa kuchangia. Wanaoweza hujikusanya familia mbili tatu, au hungoja msimu wa chini ambapo hoteli za Unguja hushusha bei kwa wakazi. Wengine huiona Serengeti bila kuipanga. Mabasi ya Arusha kwenda Musoma hukatiza Ngorongoro na Serengeti, na abiria aliyekaa dirishani, mwenye kuku miguuni na mtoto mapajani, huwaona nyumbu walewale, twiga walewale, na pengine simba kando ya barabara, bila basi kusimama. Mgeni wa nje akipanda basi hilo hulipa viingilio vya hifadhi zote mbili kama yule wa Landkruza.